Walivyomgeuza Babu Yusuf

Jumamosi, 1 Novemba. Jeddah

Asubuhi kama kawaida. Chai ya mdalasini, mkate wa jana, dawa ya presha. Nimefua, nimeanika, nimekaa kumwandika Babu. Goti la kulia linauma. Mtaa wetu huu wa Baghdadiya umeamka na kelele za wapakuaji mizigo, nikafunga dirisha.

Nassor amepiga simu kutoka Riyadh kabla sijamaliza hata ukurasa. Anataka kazi iishe wiki hii. Mdogo wangu huyu akitaka kitu hana subira, tangu utotoni. Mwanawe Talal anaposa. Wazee wa upande wa binti wameuliza asili yetu, kama ilivyo desturi yao: nyinyi watu wa wapi, babu yenu nani, alifanya nini duniani. Siku ya posa Nassor atasimama mbele ya wanaume awaeleze. Na anayejua habari za Babu Yusuf katika ukoo huu nimebaki mimi. Bibi Mize, mkewe, aliyehamia huku na baba yetu, alinisimulia mimi, hapa hapa Baghdadiya, nikimsuka nywele. Nassor wakati huo yuko uchochoroni na mpira.

Nimefurahi kuombwa. Niseme kweli. Miaka sasa Nassor hajaniomba kitu zaidi ya achari.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo utoto wake. Baba Mwingereza, karani wa simu za waya pale Unguja. Mama Mhindi wa Kachi aliyekuwa akimshonea huyo karani mashati. Hawakuoana. Mwingereza alirudi kwao, akaacha fedha za shule na jina. Mtoto akapelekwa Bombay kusoma sheria, akarudi wakili, akafungua ofisi Mkunazini. Chotara mwenye koti na tai. Waingereza hawakumtaka mezani kwao, Wahindi hawakumpa mke. Bibi akisema mumewe alikuwa popo: ndege wanamwambia una meno, wanyama wanamwambia una mbawa.

Kisha kesi ya Makunduchi. Babake Bibi Mize alikuwa na shamba la minazi, likadaiwa na mtu mwenye nguvu. Wakili akawa Babu. Akashindwa. Sasa wakili gani akishindwa kesi anapanda punda kutoka mjini mpaka Makunduchi kwenda kumwomba radhi mteja? Yeye alikwenda. Mzee akamkaribisha mkekani, wakala. Wiki ya pili akarudi, eti radhi haijakamilika. Na ya tatu. Mpaka akasilimu, akaitwa Yusuf, akapewa Mize.

Nimecheka peke yangu humu ndani. Jirani akinisikia atasema Zuhura kaingiwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemaliza. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu.

Serikali ya Mwingereza ilimwita awe hakimu. Rafiki zake walimkataza. Yeye akaona sheria imemwangusha akiwa chini, basi apande juu aishike mwenyewe. Akafunga ofisi, akala kiapo. Wakampa mahakama za mashamba, kwa sababu anajua Kiswahili na anajua kukaa chini, yaani wakampeleka kule wasikotaka kwenda wao. Akihukumu kwa haki, hukumu inapelekwa juu na huko inatenguliwa. Wananchi hawakumwona aliyetengua. Walimwona yeye. Mwisho hata wakwe zake wa Makunduchi wakawa hawamwitikii salamu. Na kila karamu ya serikali yeye hupewa sharubati yake ukumbini nje, pamoja na makarani. Akirudi nyumbani Bibi humvua viatu, asimuulize neno.

Sikuficha kitu. Maisha ya mtu ni pamoja na fedheha zake. Nimezipiga picha kurasa zote, nimemtumia Nassor. Kajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba, kwa babu mzima.

Kasema pia ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, inakaribia kwisha na ataihuisha baada ya posa. Yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kwa serikali. Baba na Nassor walipopata uraia wa hapa mimi nilishaolewa, nikafuata pasi ya mume ya Tanzania. Mume alipofariki Nassor akanichukua chini ya jina lake. Njia iliyokuwapo ilikuwa moja tu, niandikwe mfanyakazi wa nyumbani. Nililalamika. Akasema, "Karatasi tu hiyo, dada." Na kweli, sijawahi kuifikiria sana.

Jumapili, 9 Novemba

Wifi yangu Samira kapiga. Sauti tamu, na Samira akiwa mtamu jihadhari. Nije mapema nisaidie jikoni, jamaa zake watalala nyumbani. Nivae abaya nyeusi ya kawaida. Leso nisije nayo. Udi wetu wa Unguja pia nisichome, mzito. "Na siku ile usiseme sana, wifi. Wale wakwe ni watu wa Najd, hawajazoea."

Hawajazoea nini, sikuuliza. Nilipokata simu ndipo hasira zilipokuja. Mimi kila siku hasira zangu huchelewa.

Nitakwenda. Talal nimemlea mimi. Mamake alipokuwa anasomea ualimu Riyadh, mtoto alikuwa kwangu Jeddah, kalala kifuani kwangu, kaota meno kwangu, kasema maneno yake ya kwanza kwa Kiswahili. Mpaka leo tukiwa wawili husema nami Kiswahili. Siku ya posa yake nisiwepo kwa ajili ya leso?

Jumatano, 12 Novemba. Riyadh

Talal kanipokea uwanja wa ndege. Kanibusu kichwa mbele za watu, kabeba begi. Amekuwa mrefu mno, au mimi nimefupika. Njiani msemaji sana. Nilipomuuliza kama babake kamsomea habari za Babu Yusuf akawasha redio.

Chumba changu ni cha juu kabisa, karibu na tangi la maji, ukuta mmoja na Mercy, dada wa Kenya anayefanya kazi hapa. Vyumba vya wageni wamepewa jamaa wa Samira. Mercy kaniletea shuka, kasimama mlangoni.

"Auntie, si wewe ni sister ya bosi?"

"Ndiye mdogo wangu."

"Sasa mbona wanakuweka huku na mimi?"

Nikamwambia wageni ni wengi. Alitandika kitanda vizuri, kona zote, akashuka. Nimeona haya mbele yake na sijui kwa nini mimi ndiye wa kuona haya.

Alhamisi, 13 Novemba

Sambusa tangu asubuhi. Mgongo haupo. Hakuna aliyenitajia Babu. Nassor ananipitia mbali kama mtoto aliyevunja kikombe.

Ijumaa, 14 Novemba

Andika, Zuhura. Andika lote kabla hawajakwambia hukusikia vizuri.

Posa ilikuwa nyumbani kwa kina binti, baada ya Alasiri. Wanaume upande wao, sisi wetu. Ukumbi wa wanawake mkubwa, mazulia meupe, kahawa ya iliki, tende za kila namna. Ukutani kuna kipaza sauti, ili maneno ya wanaume tuyasikie. Samira kanikalisha mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Nikadhani ni kwa ajili ya goti langu, nisipate tabu ya kupita watu.

Wakazungumza wazee. Kisha sauti ya Nassor, Kiarabu chake kizuri cha sherehe. Nikasema moyoni, leo Babu Yusuf anaingia nyumba ya watu kwa jina lake, baada ya kunywa sharubati nje maisha yake yote.

Babu Yusuf, kasema Nassor, alikuwa mtu wa Tarim, Hadhramaut, katika nyumba ya wanazuoni.

Nikadhani anamsema babu wa mtu mwingine.

Alikwenda Zanzibar kufundisha dini. Akawa kadhi wa sheria. Waingereza wenyewe walimjia kumwomba ushauri, wakikaa chini mbele yake. Akaoa binti wa Makka, wa nyumba ya heshima. Na kwa unyenyekevu wake, siku moja alipanda punda safari nzima kwenda kumwomba radhi maskini mmoja aliyehisi amemdhulumu.

Wanawake wote wakasema mashallah. Sentensi yangu ile, kaitia Kiarabu. Punda wamembakiza. Bibi wamemtoa.

Nilitazama chini. Nilimwona Bibi Mize na nywele zake nyeupe mikononi mwangu, mweusi, mzuri, mdomo hauishi tambuu. Binti wa Makka. Loo.

Halafu nyanya wa binti, bibi mkongwe mwenye macho makali, akauliza, "Na huyu mama pale, ni nani wenu?"

Alikuwa ananionyesha mimi. Nikanyanyua kichwa nijibu. Samira kaniwahi.

"Huyu ndiye aliyemlea Talal. Yupo nasi tangu zamani. Ni kama mmoja wetu."

Alisema na mkono wake begani kwangu. Anao mkono laini.

Laiti yule bibi angenidharau, ningejua la kufanya. Kumbe alikuwa mwema. Alinisogezea sahani yake mwenyewe, akanichagulia tende, akasema Mungu atanilipa kwa kulea mtoto wa watu kwa amana. Nikaipokea. Nikaila. Ilikuwa tamu na nilitaka kuitema.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mimi ni shangazi yake. Bibi yangu wa Makunduchi, babu yangu mtoto wa Mwingereza na Mhindi, na huyu anayesema humo ukutani tumenyonya ziwa moja. Sentensi mbili tu na posa imevunjika. Nikainuka. Samira akageuka rangi.

Nilikwenda mpaka ukumbi wa nje penye viatu nivute pumzi kwanza, nirudi nimesimama sawasawa. Talal alikuwa pale. Katumwa kuchukua masinia. Aliniona uso, akajua. Akaangalia nyuma, akaniambia kwa Kiswahili ili mtu asielewe:

"Shangazi, nivumilie leo tu."

Basi alijua. Alijua kule uwanja wa ndege aliponibusu kichwa. Alijua alipowasha redio. Lugha niliyomfundisha mimi, leo kaitumia kunificha.

Nikampa masinia. Sikurudi ndani. Nilikaa garini mpaka wakamaliza. Wamekubaliwa, alhamdulillah. Dereva kanipa maji.

Jumamosi, 15 Novemba

Nassor kanijia jikoni asubuhi. Nilikuwa nakata vitunguu, vizuri, machozi yakapata kisingizio. Kaanza mbali, goti langu, hewa ya Riyadh. Nikamwambia aseme.

"Ningesemaje, dada? Nisimame mbele ya wale wazee niseme babu yetu mtoto wa nje wa Mwingereza? Bibi yetu mwanamke wa shamba? Wangetufungia mlango. Huwajui wale, mtoto wao hawampi mtu asiye na kabila. Talal ampate nani? Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na mpaka leo wananiuliza natoka wapi."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, nilimwelewa. Nimeiona hofu ile kwa baba yetu pia. Na Babu Yusuf mwenyewe, koti lile na tai ile, nini kama si hofu hiyo hiyo?

Lakini Babu alioa Mize mchana kweupe, na katika kila barua ya serikali aliyotia sahihi alimtaja kuwa ni mke wake. Nilimwambia hivyo Nassor.

Nikauliza, "Haya, Babu umembadilisha. Mimi je? Mimi nimekukosea nini?"

Akatazama sakafu. "Wangeuliza baadaye, wakaona ikama. Ikama yako ndivyo inavyosema."

Nikaweka kisu. Nikaosha mikono. Nikapanda juu kufunga begi. Kupanda tu ngazi zile kulinichukua muda, na hakuna aliyenifuata ila Mercy.

"Auntie, pole. Mimi nilisikia madam akiwaambia watu wake jana kutwa waseme wewe ni maid. Nikaogopa kukwambia."

Nimempa ile leso niliyoambiwa nisije nayo. Nilikuja nayo chini kabisa ya begi.

Jumapili, 16 Novemba. Jeddah

Nimerudi. Nyumba inanuka kufungwa. Nimefungua madirisha yote, kelele ziingie.

Sikulala sana, nimeamka na uamuzi. Nimemwandikia Nassor: nitolee khuruji nihai. Ndiyo ruhusa ya kutoka moja kwa moja, huondoki bila kafili kuitoa, na ukishatoka hurudi. Nimemwambia sitaki tena kuwa chini ya jina lake. Nakwenda Unguja.

Hapa ndani naweza kuandika ukweli. Nilitaka akatae. Nilitaka apande ndege aje Jeddah, agonge mlango, anifokee kama zamani, aseme una wazimu wewe, dada yangu hendi popote. Nimefua foronya za chumba cha pili, ikiwa atalala.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikuwa nimemimina chai. Simu ikalia ujumbe. Imetoka. Kaitoa kwenye simu yake, huko huko aliko, pengine ofisini, pengine barabarani kwenye taa nyekundu. Chini kaandika: Mungu akufanyie wepesi, dada.

Chai ilikuwa bado inafuka moshi.

Nililia pale pale mezani, kwa sauti, kama siku tulipomzika mama. Sikulia kwa ajili ya Babu. Babu wa watu keshakufa, mwacheni awe wa Tarim. Nimelia kwa kuwa mdogo wangu hakuniuliza hata kwa nini.

Ijumaa, 21 Novemba

Masufuria nimempa jirani. Cherehani kaichukua Mngazija wa chini. Nilienda Sharafiya kununua begi kubwa, muuzaji kaniuliza nasafiri kwa muda gani, nikamwambia muda mrefu.

Nimepiga simu Makunduchi. Namba nilipewa na mtu wa mtu. Kapokea mwanamke, sauti kali. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mjukuu wa Mize.

"Mize yupi? Akina Mize hapa wengi."

"Aliyeolewa na hakimu Yusuf."

Namsikia anamwambia mtu pembeni. Kisha akarudi.

"Yule chotara wa serikali aliyetukosesha shamba la bondeni?"

"Ndiye huyo," nikasema. "Ndiye babu yangu."

"Ehe. Basi wewe ni mtu wa hapa. Mwambie dereva akushushe msikitini, watoto watakupokea. Lakini mwenzangu, hilo shamba tutalizungumza."

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kuna watu bado wana hasira naye. Bado yupo mahali, mzima mzima, na mama yake wa Kachi na babake karani na lawama zake zote.

Jumatano, 26 Novemba. Uwanja wa ndege, Jeddah

Naandika nikiwa nimekaa. Ndege bado.

Talal alikuja kutoka Riyadh bila kuniarifu. Alikuwa mlangoni asubuhi, macho mekundu, kaendesha gari njia nzima. Hakusema samahani na mimi sikuiomba. Tulikunywa chai. Akashusha mabegi, akayafunga kamba vizuri kama nilivyomfundisha. Garini hakuwasha redio. Tulipita ufukweni, watu wanatembea, watoto na baiskeli. Aliniambia ndoa itakuwa baada ya Ramadhani. Nikamwambia binti ana macho mazuri, kama ya nyanya yake, na hilo ni kweli.

Kwenye kupima mizigo kijana wa kaunta alishika karatasi zangu, akamtazama Talal na kanzu yake nyeupe, akanitazama mimi. Akamuuliza, "Huyu mama ni nani wako?"

Swali la kawaida tu, hata hakuwa anangoja sana jibu. Talal akafungua mdomo. Nilimtazama. Niliona neno linakuja, nikaona linarudi. Akatazama ile ikama mkononi mwa kijana.

Nikajibu mimi.

"Nimemlea," nikasema.

Kijana akasema Mungu akujaalie, akapiga muhuri. Talal akasukuma kigari mpaka kwenye kizuizi cha wasiosafiri. Hapo nikachukua begi langu la mkononi, nikaingia.